Kosa la Ubeti wa Tatu

Vijana mnaopiga ala, mkikutana nami hapa Tunduma huwa mnaniuliza swali moja: mzee, wewe ulikuwa unapiga nini? Jibu langu huwachekesha. Nilikuwa napiga kilichokosa mtu. Mpiga besi akiugua, mimi besi. Wa dramu akienda kuoa, mimi dramu. Kinanda kikibaki hakina mwenyewe, nakaa kwenye kinanda. Ndiyo maana waliniita Kiraka. Wapo waliolitamka jina hilo kwa dharau, kwamba huyu hana chake, lakini mimi nililivaa kwa fahari na bado nalivaa. Nguo haidharau kiraka ikishachanika.

Nimeishia darasa la saba, kule Mbebe, Ileje, kwa hiyo nitaandika ninavyozungumza. Nataka kuwaeleza kazi nilivyoifanya, na kosa moja nililolifanya mbele ya maikrofoni. Ndani ya kosa hilo kuna sauti ya mtu, na nilikaribia kuipoteza kwa sababu ya watu kunionea huruma.

Gitaa langu la kwanza lilikuwa kopo la mafuta na waya za breki za baiskeli. Baba alinichapa kwa ajili ya baiskeli, kisha akakaa kusikiliza. Nilipofika Tunduma nilijiona fundi. Nikaenda kwa Mzee Simbeye, Mnamwanga mmoja mrefu, mpiga solo na kiongozi wa bendi iliyozunguka kutoka Mbeya hadi Sumbawanga, na ng'ambo mpaka Kasama. Nikampigia kila nilichokijua kwa mkupuo mmoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanikabidhi manyanga.

Manyanga, jamani. Miezi miwili natikisa manyanga nyuma ya watu ambao, kwa mawazo yangu ya wakati ule, nilikuwa nawazidi. Siku nilipolalamika aliniambia, "Kijana, vidole vyako vinajua kuongea. Sasa vifundishe kunyamaza." Ilinichukua miaka kumwelewa. Nikipita leo kwenye sherehe zenu nasikia wapiga ala watano wote wanaongea kwa wakati mmoja, kama wapiga debe wa stendi, na mwimbaji katikati anatafuta pa kupitia. Mtazameni mwimbaji mabega. Kabla hajaingia, mabega yake hupanda kidogo, anavuta pumzi. Hapo ndipo unampisha. Hilo halimo kwenye kitabu, nami nililipata kwa kutikisa manyanga.

Jambo jingine la kazi: nyuzi za besi zikizeeka zinakufa sauti, zinalia kama kamba ya kuanikia nguo. Wakati wetu nyuzi mpya hazikuwa kitu cha kwenda kununua dukani tu. Tulizichemsha. Unazivua, unazikunja taratibu, unazitia kwenye maji yanayotokota kwa muda wa kuiva chai, unazianika zikauke kabisa, unazirudisha. Jasho na uchafu hutoka, nazo huamka. Mke wangu Tusekile alinikuta siku moja nimezichemsha kwenye sufuria ya ugali. Hakupiga kelele. Alipakua ugali siku ile, akaniwekea sahani yangu, na juu ya ugali ameweka uzi mmoja wa besi, umekunjwa vizuri. Watoto walicheka mpaka wakapaliwa. Kesho yake akachukua sufuria moja iliyokatika mkono, akaipaka rangi nyekundu, akasema hii ndiyo ya kupikia mboga yako. Ninayo mpaka leo.

Huyo Tusekile ndiye mwenye ile sauti niliyoitaja mwanzo. Nitamfikia.

Kazi ya kuzunguka inakufundisha kwamba hata gitaa lina kwao. Ukitoka Mbozi kwenye baridi asubuhi ukashuka Kamsamba kwenye joto la bondeni, mbao na nyuzi zinalegea, na ulichokityuni nyumbani hakifai. Mara ya kwanza nilishuka kwenye lori, nikapanda jukwaani nikapiga papo hapo. Mzee mmoja mfugaji aliyekuja na watoto wake kuangalia mchezo aliniuliza kwa upole kama chombo hicho kinaumwa. Tangu siku ile nikifika mahali nalitoa gitaa kwenye mfuko, nalilaza kivulini, nakunywa chai kwanza. Likishazoea hewa ndipo naligusa.

Ng'ambo, kwa Wazambia, walinipa heshima ambayo nyumbani ilichelewa. Waliniita ba Kiraka, na "mukwai" mbele na nyuma, kama mtu mwenye ofisi. Mitindo yao besi ndiyo inayozungumza, inakimbia kimbia chini ya wimbo, nami niliipenda sana. Mwezi mmoja nilipiga huko, mwezi wa pili niko kwenye dansi la kwetu, wa tatu nasindikiza kwaya. Hiyo ndiyo kazi ya kiraka. Na hatari yake ni kwamba kichwa kinajua uko wapi, lakini mkono unajua tu ulikotoka jana.

Sikilizeni hapa, maana kosa lenyewe linaanzia hapa. Katika dansi letu la zamani, wimbo ulikwenda taratibu kwa mashairi, na baada ya ubeti wa tatu tulikuwa tunakata. Yaani ala zote kimya kwa mara moja, kama taa imezimika. Halafu solo inaingia peke yake, na sote tunarudi kwa kasi, hiyo ndiyo chemko, watu wanainuka vitini. Tulikata hivyo kila wimbo, kila ukumbi, miaka na miaka. Mwenye besi ndiye aliyetoa ishara ya kukata. Mimi.

Basi kwaya ya usharika mmoja wa huko Mbozi, watu wa kahawa na mahindi, wakataka kurekodi kanda. Walikuwa na sauti nzuri ajabu ila hawakuwa na wapiga ala. Mwalimu wao wa kwaya, Mwalimu Nzunda, akaja Tunduma kututafuta. Wazee wa usharika walinung'unika kwamba anawaletea walevi wa dansi. Yeye akawajibu kwamba hata ng'ombe wa kukodi analima. Tukaenda watatu: Mzee Simbeye kwenye solo, mpiga dramu wetu tuliyemwita Trekta, na mimi kwenye besi. Tulifanya mazoezi wiki tatu kanisani, tumevaa mashati ya mikono mirefu, tunajitahidi kuonekana watu wema.

Siku ya kurekodi tulipanda lori la kahawa kwenda Mbeya. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, na mambo hayakuwa kama yenu ya leo, kila mmoja anaingiza kipande chake peke yake, akikosea anarudia. Wote mnaimba na kupiga kwa pamoja, kanda inazunguka, kilichoingia kimeingia. Upande wa waimbaji maikrofoni ilikuwa moja tu. Kwa hiyo ufundi ulikuwa miguuni: mwenye sauti ndogo anasogea mbele, mwenye sauti kubwa anarudishwa nyuma, mpaka zote zilingane. Fundi mitambo aliniachia mimi kazi ya kuwapanga, kwa kuwa nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi.

Kulikuwa na binti mmoja wa sauti ya pili. Nilimrudisha hatua tatu, bado anawafunika wenzake. Nikamrudisha tena. Nikamrudisha mpaka mgongo wake ukagusa mlango. Alinitazama kwa macho makavu, akasema, "Kaka, umeniweka nyuma ya mlango kama ufagio."

Wenzake wakacheka. Nikamwambia ni kazi tu, dada, si ubaya. Akasema haya, na akabaki pale, amekunja mikono. Kumbukeni alipokaa: nyuma ya kila mtu, na sisi wapiga ala tulikuwa pembeni, tumempa ubavu. Mkono wangu wa kulia aliuona vizuri.

Wimbo wa mwisho ulikuwa wa kupanda mlima, na kiitikio chake kilisema, *Mlima huu ni mrefu, sipandi peke yangu.* Ulikwenda taratibu, mwendo ule ule wa dansi letu kabla ya chemko. Nadhani ndicho kilichoniponza. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Nilikuwa nimestarehe, nimefumba macho, nazisikia sauti zile zimekaa sawa jinsi nilivyozipanga. Ubeti wa tatu ukaisha. Mkono wangu ukakata.

Na kwa kuwa mimi nimekata, Trekta akakata. Mzee Simbeye naye akakata. Watu watatu wenye miaka mingi ya kazi, tumenyamaza kwa pamoja katikati ya wimbo wa Mungu, kwa usafi wa ajabu, kama tumepangwa. Kwaya ilikuwa haijui. Waliposikia ala zimezimika, sauti zikaanguka moja baada ya nyingine. Nilifumbua macho. Fundi mitambo nyuma ya kioo ameshika kichwa. Kanda inazunguka.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Binti yule, na ndiye Tusekile, hakuongeza nguvu wala hakuharakisha. Aliimba kiitikio peke yake, kwa mwendo ule ule, mstari mzima, *Mlima huu ni mrefu, sipandi peke yangu,* na chumba chote kikamsikiliza. Mimi nikaanza kuhesabu kichwani ili nirudi, moja, mbili, mkono tayari kwenye uzi. Mzee Simbeye akanitazama, akatikisa kichwa. Alikuwa anamtazama binti mabega. Tukasubiri. Alipomaliza neno la mwisho na kuvuta pumzi, tukaingia sote, kwaya ikaingia, tukaumaliza wimbo.

Niliomba turudie. Fundi alisema kundi jingine liko nje na kanda imefika mwisho. Mwalimu Nzunda akasema iachwe kama ilivyo. Tulipokuwa tunatoka, binti yule alinipita mlangoni, akasema bila kunitazama, "Ufagio umefagia."

Nilimwoa kabla ya mavuno mawili kupita.

Sasa nitasema jambo ambalo kwa miaka mingi sikulisema hadharani. Kwenye lori wakati wa kurudi, watu walimcheka Trekta. Dramu ikinyamaza ndiyo inayosikika zaidi, hivyo wote walidhani yeye ndiye aliyeanza. Walimtania miaka mingi, na mimi nilinyamaza. Tusekile alijua. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilijaribu kumweleza, akaniambia, "Niliuona mkono wako. Nilikuwa nangoja useme." Akanitaka nikamwambie Trekta. Nikasema nitamwambia. Trekta alihamia Sumbawanga, kisha habari zikaja kwamba ametutangulia. Vijana, mkikosea jukwaani inueni mkono wenu siku ile ile. Mimi wangu niliuchelewesha, na Trekta hakuuona.

Baada ya hapo nilizunguka miaka mingi. Nimepiga harusi, mikutano ya injili, mahafali, misiba ya wakubwa na ya watu wa kawaida. Nimesindikiza kwaya nyingi kurekodi. Kuna kanda ambazo vidole vyangu vimo na jina langu halimo, na hilo halinisumbui. Nikipita mahali nikasikia besi yangu inatoka kwenye duka la mtu, naongeza mwendo kidogo, kifua mbele. Naijua kazi yangu kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Nasema hivi bila aibu: nilikuwa fundi. Nilikuwa fundi mzuri.

Tusekile aliendelea kuimba usharikani mpaka koo lilipoanza kumsumbua. Ilipofika wakati wa simu hizi za kurekodi kila kitu, sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Wajukuu wana picha zake nyingi zinazotembea, anacheka, anachambua maharage, lakini ukisikiliza hupati kitu. Mwaka jana, kahawa ikiwa imeanza kuiva, alifariki. Tulimzika Mbebe, karibu na mama yangu.

Sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba nyumba ya mpiga muziki ikinyamaza, inanyamaza zaidi ya nyumba nyingine.

Baada ya miezi kadhaa nilikumbuka ile kanda. Nilikuwa nayo moja tu, imechakaa, na redio ya kuichezea ilishakufa. Nikaipeleka kwa kijana mmoja hapa Tunduma, Eliya, ana studio yake juu ya duka la vipuri, karibu na foleni ya malori ya mpakani. Kijana mwenye adabu na sikio zuri. Nikamwomba aniingizie kanda hiyo kwenye kompyuta. Sikumwambia ninatafuta nini. Sisi wanaume wa rika langu ndivyo tulivyo, tunaomba nusu.

Nilirudi siku ya tatu. Alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Akanieleza kwamba kanda ilikatika ilipokuwa inarudi nyuma, anasikitika, haifai tena, ila nisijali maana nyimbo zote alishaziingiza. Kisha akatabasamu.

"Babu, kwenye wimbo wa mwisho, baada ya ubeti wa tatu, mlikosea. Nimekutibia. Nimechukua besi yako ya ubeti wa pili nikazibia pale, na kelele za nyuma nimezifuta. Hakuna atakayejua."

Akabonyeza. Ubeti wa tatu ukaisha, na besi yangu ikaendelea, safi, tamu, haikosei. Mstari mzima. Ala bila mtu. Kelele za nyuma alizozifuta zilikuwa mke wangu.

Kosa si lake. Alilitazama kosa langu kama ambavyo mimi mwenyewe ningelitazama nilipokuwa wa umri wake. Miaka mingi nilitamani mtu anifanyie jambo lile lile.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nirudishie kosa langu."

Hakuelewa. Nikamweleza kwamba ile sauti ya mlangoni ni bibi yako, na sijui kama ipo mahali pengine popote duniani. Alivua kofia. Aligeukia kompyuta, akaanza kufungua na kufunga vitu. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba huwa anahifadhi nakala kabla ya kusafisha, ila wiki ile alifuta vitu kupata nafasi. Nilisikia malori nje, mtu anauza karanga, tandiboi wawili wanabishana kwa Kibemba. Nikafikiri, basi nilimpanga nyuma ya mlango mara ya kwanza, na sasa nimemtoa nje kabisa.

"Hii hapa," Eliya akasema.

Akabonyeza. Kelele za kanda kama mvua juu ya bati. Ubeti wa tatu. Mkono wangu ukakata. Na Tusekile akaimba.

Nilisikiliza mara mbili. Eliya aliniuliza kama arudie, nikakataa. Nilimwomba aiweke mahali patatu tofauti, naye akafanya hivyo mbele yangu, akinionyesha kila pahali. Ninyi mnaofanya kazi na hizo kompyuta, chukueni hilo: safisheni mnachotaka, lakini kitu kilivyokuja mkihifadhi kwanza. Hamjui kelele ya nani mnaifuta.

Mwezi uliopita tulikwenda Mbebe kuweka msalaba kwenye kaburi lake. Ilikuwa asubuhi ya jua na upepo. Usharika ulialika kwaya ya vijana kutoka Ikinga, sijawahi kuwaona, hata mmoja hanijui. Walikuja na kinanda kidogo, gitaa moja na besi. Baada ya neno la mchungaji waliimba nyimbo mbili, halafu wakaanza ule wa mlima.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nimeshika fimbo. Ubeti wa kwanza, wa pili. Walipiga vizuri, besi ikikimbia zaidi kidogo ya inavyopaswa, lakini vizuri. Ubeti wa tatu ukaisha, na ala zote zikakatika kwa mara moja. Nilisimama bila kujua nimesimama. Katika mstari wa nyuma, binti mmoja mwembamba akainua sauti peke yake. *Mlima huu ni mrefu, sipandi peke yangu.* Kisha wote wakarudi.

Walipomaliza nilimfuata mwalimu wao. Nikamuuliza nani aliwafundisha kukata pale. Akashangaa. "Ndivyo wimbo ulivyo, baba. Tumeupokea hivyo kwa waliotutangulia, nao waliutoa kwenye kanda. Ukienda Ibaba, ukienda Vwawa, wote wanasimama hapo."

Ningeweza kuliacha hivyo, lakini nilimkumbuka Trekta, na hapo tulikuwa tumesimama karibu na kaburi la mtu aliyeuona mkono wangu. Nikamwambia haikupangwa. Lilikuwa kosa, na mkosaji ni mimi, si mpiga dramu. Nikamweleza yote, na waimbaji wakasogea kusikiliza. Nilipomaliza, yule binti aliyeimba peke yake aliutazama msalaba, akasoma jina taratibu kwa midomo bila kutoa sauti.

Mpiga besi wao, kijana mrefu mwenye aibu, alingoja watu wapungue. Akaniuliza swali la kazi, na nilimpenda kwa hilo.

"Babu, pale tunapokata, huwa tunabishana. Tuhesabu ngapi kabla ya kurudi?"

Nikamwambia, "Msihesabu. Mngojeni amalize."